Damu ya Mtoto Mchanga na Sindano ya Siku ya Kwanza

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa Kisii na Nyamira)



  Mlipoona katika karatasi ya mkutano ya kuwa watu wa genge la njia watasema habari za watoto wachanga, wengi wenu mlicheka. Ndugu mmoja alituuliza pale mlangoni kama tumeweka nyundo chini tukawa wakunga. Chekeni tu. Tumetumwa na wenzetu wa kambini tuje tuseme neno hili, na kwa ajili yake habari ya mshahara tumeiacha hadi mkutano ujao, ingawa nayo ina yake.

Mwajua hali yetu. Kisii haina reli. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901 ikaishia pale ziwani, nasi wa milimani tukabaki na barabara. Basi mtu wa Kisii au Nyamira akiandikwa kazi ya reli, ndiyo ameondoka nyumbani. Yeye yuko Muhoroni, au Nakuru, au Nairobi, au mbali zaidi huko Mtito Andei, na mke yuko kwenye chai na ndizi. Watoto wetu huzaliwa sisi tukiwa mbali. Habari zao hutufikia kwa simu, na kwa simu hiyo hiyo sisi hutoa amri: fanya hivi, usifanye hivi, ngoja mwisho wa mwezi. Mke hutii, kwa sababu sisi ndio wenye nauli mfukoni.

Sasa sikilizeni jambo lililotupata.

Mwenzetu mmoja wa genge, mtu wa upande wa Nyamira, alipata mtoto wa kiume. Hatutataja jina lake. Amekubali habari isemwe, jina likae. Mtoto alizaliwa usiku wa mvua kubwa, nyumbani, mikononi mwa nyanya yake, kwa sababu pikipiki haikuweza kupanda kilima kwa matope. Alilia vizuri, akashika ziwa mara moja. Mama alipewa chinsaga na uji kama desturi yetu, ili damu irudi. Baada ya siku chache mtoto alipelekwa zahanati akachanjwa kama wengine. Alipewa chanjo zake, lakini hakuna aliyeuliza juu ya sindano nyingine iliyopaswa kutolewa siku ya kuzaliwa. Mama hakuuliza, nyanya hakuuliza. Baba naye hakuuliza, maana hata jina lake alikuwa hajalisikia.

Katika juma la tano mtoto alitokwa na damu puani, kidogo tu, ya kupangusa kwa kitambaa. Mama alipiga simu. Mwenzetu aliweka simu wazi tukasikia sote, tulikuwa tukinywa chai kando ya njia. Na sisi, watu wazima tisa wenye watoto, tulisema kwa sauti moja ya kuwa damu kidogo ya pua si kitu, ni joto la blanketi. Tukamshauri asipoteze nauli, angoje mshahara, zilibaki siku sita. Yeye akamwambia mke maneno yetu kama tulivyoyasema.

Siku ya pili yake jioni simu ililia tena. Kijana wa jirani ndiye aliyesema, akasema baba analia sana na mtoto amekakamaa. Wenzetu wa Pwani na wa Ukambani wakaanza kumpa pole kwa habari ya mzee wake. Ikabidi tuwaeleze ya kuwa kwetu Kisii "baba" ndiye mama. Siku nyingine tungecheka.

Mtoto alikuwa amekataa ziwa tangu asubuhi. Alilia kilio chembamba kisicho chake, akatapika, utosi ukavimba, kisha akashikwa na degedege. Majirani walikuja na mashauri. Mmoja alisema ni kimio, aitwe mzee mwenye kisu akikate. Nyanya alikataa. Mpaka leo twamshukuru bibi yule, kwa maana mtoto yule angekatwa kimio siku ile, damu isingesimama. Alimfunga mtoto kifuani, akapanda pikipiki katika giza pamoja na mkwewe, wakafika hospitali kubwa.

Daktari aliuliza neno moja kabla ya mengine: "Mtoto huyu alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa?" Hakuna aliyejua ni kitu gani. Alichomwa usiku ule ule na kuongezwa damu. Alipona, ikiwa kupona ni kutokufa. Damu ilikuwa imevuja ndani ya kichwa. Sasa ana miaka mitatu, anacheka, anajua jina lake, lakini mkono wa kushoto haushiki na mguu wa kushoto anauburuta. Baba yake anafanya kazi nasi hata leo. Hajatulaumu. Afadhali angetulaumu.

Ndiyo sababu tulianza kuuliza. Tuliuliza wauguzi, tukauliza waganga wa serikali, tukasoma kwa kadiri ya shule yetu ya misheni. Haya tutakayosema ndiyo tuliyoyapata.

Vitamini K ni kitu kinachofanya damu igande. Mtu akikatwa na jembe, damu hutoka, kisha huwa nzito na kufunga kidonda. Vitu vinavyofanya kazi hiyo hutengenezwa na ini. Hebu tuvifikiri kama mabehewa. Behewa laweza kuwa zima, magurudumu mazima, limepakwa rangi, lakini kama halina kulabu ya kuliunganisha na jingine, gari moshi halitaondoka stesheni. Ini la mtoto mchanga hutengeneza mabehewa, lakini vinne katika vitu vile vya kugandisha damu havipati kulabu zake mpaka vitamini K iwepo. Bila hiyo vinaelea katika damu bila kushikana. Mtoto ataonekana mnene na mwenye nguvu, na ndani yake hakuna breki ya damu.

Aliyeigundua ni Henrik Dam, mtaalamu wa Copenhagen katika Denmark, kati ya mwaka wa 1929 na 1935. Hakuwa akitafuta habari za watoto. Alikuwa akilisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, kwa uchunguzi mwingine kabisa, akaona vinavuja damu chini ya ngozi. Alipotafuta kilichopungua katika chakula ndipo akaipata, akaiita K kwa neno la lugha yao la kuganda kwa damu, ambalo huandikwa kwa herufi K. Mmarekani Edward Doisy akaonyesha jinsi ilivyoundwa, na wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1943. Tangu zamani madaktari walikuwa wameona watoto wakivuja damu katika siku zao za kwanza. Townsend wa Boston aliandika juu ya watoto 50 wa namna hiyo mwaka wa 1894, lakini hakujua sababu. Mwaka wa 1961 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliagiza ya kuwa kila mtoto azaliwaye apewe vitamini K, si wale wagonjwa peke yao.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi watu wa milimani hubishana nalo sana. Vitamini hii imo katika mboga za majani. Imo katika sukuma wiki, katika chinsaga, katika rinagu, katika majani ya maboga. Hakuna watu wanaokula mboga za namna hizi kuliko sisi. Mtu husema: mke wangu amekula chinsaga miezi tisa, mtoto atakosaje? Hata sisi tulisema hivyo mbele ya muuguzi, tena kwa majivuno kidogo.

Muuguzi alitujibu ya kuwa chinsaga ni chema na mama aendelee kukila, lakini ni cha mama. Vitamini K haivuki vizuri kupita kondo la nyuma kumfikia mtoto tumboni. Hupita kidogo mno. Baada ya kuzaliwa, maziwa ya mama yana kila jema, lakini ya K yana kidogo sana, hata kama mama anakula sufuria nzima ya mboga. Na vile vijidudu vyema vya tumboni ambavyo kwa mtu mzima hutengeneza kiasi fulani cha vitamini hii, kwa mtoto mchanga havijaanza kukaa. Ndivyo watoto wote walivyo, wa tajiri na wa maskini, wa Nyaribari na wa Ulaya. Mama hakukosa lo lote.

Wala mtu asiondoke hapa akamwambia mkewe aache kunyonyesha anunue maziwa ya kopo. Hatukusema hivyo. Mtoto anyonye ziwa la mama, na sindano apewe.

Sindano yenyewe ni ndogo. Utaratibu wa Wizara ya Afya ya Kenya ni huu: kila mtoto anayezaliwa hospitali apewe miligramu 1, mara moja, katika msuli wa paja. Mtoto mdogo sana, aliye chini ya kilo 1.5, hupewa nusu yake. Shirika la Afya la Ulimwengu nalo laagiza hiyo miligramu 1, baada ya ile saa ya kwanza ambayo mtoto hulazwa kifuani mwa mama. Dawa hukaa mwilini ikatoka polepole, ikamlinda mtoto mpaka aanze kula na tumbo lake lipevuke. Nchi nyingine wametumia matone ya mdomoni, lakini hayo lazima yarudiwe mara kwa mara. Sisi ambao hata kumrudisha mtoto kliniki kwatushinda kwa ajili ya matope, sindano moja ndiyo yatufaa.

Na aliyezaliwa nyumbani je? Hapa ndipo tulipokosea, basi tusikilize vizuri. Utaratibu ule ule wa Wizara wasema mtoto aliyezaliwa nyumbani akilazwa hospitali kabla hajatimiza siku 14, apewe sindano, isipokuwa kama amekwisha kuipata. Lakini mtoto mzima anayeletwa kwa chanjo halazwi, na mara nyingi hakuna anayeuliza. Ni juu yetu kusema: "Huyu alizaliwa nyumbani, hajachomwa vitamini K." Maneno machache tu. Tazameni pia kitabu cha mama na mtoto, mahali palipoandikwa dawa alizopewa mtoto baada ya kuzaliwa. Ikiwa pako wazi, ulizeni. Na ikiwa mwaambiwa dawa imekwisha, ulizeni itapatikana wapi siku hiyo hiyo, msiambiwe "rudini mwezi ujao" mkakubali.

Damu hii huja kwa nyakati tatu. Kuna inayokuja siku ile ile ya kuzaliwa, na hiyo mara nyingi ni kwa mama aliyekuwa akimeza dawa fulani, kama za kifafa au za kifua kikuu. Mama wa namna hiyo asiache dawa zake, ila amwambie mkunga mapema. Ya pili huja katika juma la kwanza: kitovu hakikauki kinatoa damu, au choo cheusi, au damu puani. Ya tatu ndiyo mwizi. Huja baada ya majuma mawili, mara nyingi kabla ya miezi mitatu, ingawa hata miezi sita yaweza kufika, kwa mtoto anyonyaye vizuri na ambaye kila mtu amekwisha kumsifu. Idara ya afya ya Marekani, ile iitwayo CDC, yasema bila sindano namna mbili za kwanza huweza kumpata mtoto 1 katika kila 60 hadi 250, na ile ya tatu mtoto 1 katika kila 14,000 hadi 25,000. Mtasema hiyo ya tatu ni adimu. Ni adimu. Lakini karibu nusu ya watoto inaowapata huvuja damu ndani ya ubongo. Yule wa mwenzetu alikuwa mmoja wao.

Mara nyingine hutangulia alama ndogo, kama bendera nyekundu kando ya njia. Damu kidogo ya pua. Doa la damu chini ya ngozi mahali ambapo mtoto hakugonga kitu. Au macho ya manjano yasiyoisha baada ya majuma mawili, na choo cheupe kama chokaa. Hiyo yaonyesha ini lina shida, na mtoto wa ini bovu huishiwa na vitamini K upesi. Dereva akiona bendera nyekundu hasimamishi gari moshi mwisho wa mwezi. Sisi tuliiona bendera ile tukanywa chai.

Tena acheni habari ya kimio. Wazee wetu walikuwa na ufundi. Ababari wa Kisii walijua kufungua fuvu la mtu aliyepigwa rungu wakaondoa vipande vya mfupa, na watu wa ng'ambo wamekuja kuutazama ufundi huo na kuuandika. Hatuwadharau. Lakini mtoto wa majuma matano ambaye damu yake haigandi hafai kuguswa na kisu cho chote nyumbani, cha kimio wala cha kingine.

Kuna wanaokataa sindano hii. Mwenzetu mwingine, yuko hapa na anatuangalia kwa macho makali, alimpigia simu mkewe akiwa wodini akamkataza, akidhani ni dawa ya kumfanya mtoto asizae baadaye. Mawazo hayo hayakutoka hewani. Mwaka wa 2014 palikuwa na mabishano makubwa katika Kenya juu ya chanjo ya pepopunda ya akina mama, maaskofu wa Kikatoliki wakisema hivi na Wizara ikikana, na watu wengi tangu hapo huogopa kila sindano. Lakini vitamini K si chanjo. Ni kitu kile kile kilichomo katika sukuma wiki, nacho hutolewa mara moja tu. Habari nyingine ni ya saratani. Hiyo nayo ina mwanzo wake: mwaka wa 1992 wataalamu wa Bristol, Uingereza, waliandika ya kuwa huenda sindano hii yahusiana na saratani ya utotoni. Basi wengine wakachunguza upya, huko Sweden wakatazama hesabu za watoto zaidi ya milioni 1, Marekani nako wakatazama, na jambo lile halikuonekana. Twaona ilikuwa haki kuuliza, na jibu limekwisha kupatikana. Kushikilia swali baada ya jibu ni ukaidi, na mwenzetu huyu ametuahidi ya kuwa wa pili atachomwa.

Sasa yanayohusu chama. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yampa mama likizo ya miezi mitatu na baba majuma mawili, yote kwa mshahara kamili. Wangapi kati yenu mmechukua majuma hayo mawili? Twaona mikono minne. Wengine huona haya, wengine wana mnyapara anayesema, "Kwani wewe ndiye uliyezaa?" Mnyapara akisema hivyo, njoo kwa Katibu siku hiyo hiyo, wala usingoje mtoto aanze kutembea. Baba akiwa nyumbani siku ile, pikipiki itapatikana, na mtu wa kuuliza swali pale wodini atakuwepo.

Pia jambo la SHA. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA imeshika mahali pa NHIF, nasi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mnakatwa mkitaka msitake. Lakini kama jina la mkeo halikuandikwa chini ya jina lako, siku ya kujifungua atasimama dirishani na kuulizwa maswali. Kabla hamjatoka leo, wale ambao wake zao ni wajawazito waonane na karani wa tawi, atawasaidia kuandika.

Na la mwisho ni ombi. Genge letu limekubaliana kila mtu kuweka shilingi 50 kila mwezi katika mfuko wa nauli, ili mke wa ye yote kati yetu akiwa karibu kujifungua, au mtoto mchanga akionekana na damu, pikipiki au gari lilipwe mara hiyo bila kungoja mshahara. Fedha anazo mwenzetu yule wa Nyamira. Tulimchagua yeye, na usiku simu yake haizimwi. Twauliza kama tawi zima litakubali kufanya hivyo. Bwana Mwenyekiti atalileta neno hilo mbele yenu lipigiwe kura.

Tumemwomba mama mkunga aliyeketi pale karibu na dirisha akubali kujibu maswali, naye amekubali. Akina mama watauliza kwanza. Akina baba, tafadhali msitoke nje kuvuta sigara.